Boma Katikati ya Mahindi

Mwaka juzi, ukimuuliza Lochakapong kazi yake, alikuwa anakujibu kabla hujafunga mdomo: mfugaji. Mfugaji, mwana wa mfugaji, mjukuu wa mfugaji, na katika ukoo wao hapakuwa na mwanamume aliyewahi kuinamia ardhi ila kuokota fimbo iliyomwanguka. Maneno hayo aliyasema hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Aliwahi kumwambia padri, na padri alikuwa amemwomba tu asogee mlango ufungwe.

Kwao ni kando ya mto Turkwel, mwendo wa asubuhi moja kutoka Lodwar, na huko watu wazima humwita Apalopus. Ndivyo walivyo Waturkana: mwanamume huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo mingine yote, na jina la maksai humkaa mwenyewe. Maksai wa Lochakapong ni wa kijivu na anaitwa Lopus. Pembe yake moja imekunjwa kwenda mbele, nyingine kwenda nyuma. Lochakapong alizikunja mwenyewe tangu Lopus ni ndama, kwa subira ambayo mkewe, Akiru, anasema hajawahi kuiona ikitumiwa kwa binadamu.

Ukame ule mrefu ulipozoa ng'ombe za watu, ulizoa na zake. Alibaki na Lopus na mbuzi wachache wenye roho ngumu. Njaa ikaingia nyumbani, na njaa haimuulizi mtu kama babu yake alikuwa mfugaji. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo asingemwambia hata huyo padri. Alipenya msitu wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na wageni kisha ukakataa kuondoka, akapata kijibonde chenye udongo mweusi karibu na maji. Akakifyeka. Akapanda mahindi.

Usicheke upesi. Kando ya mto ule shamba ni la mwanamke. Mtama ni wa mama, mahindi ni ya mama, na jembe pia ni la mama. Mwanamume akionekana nalo begani, watu humpa pole wakidhani amefiwa na mke. Na Lochakapong alikuwa amejifungia mlango mwenyewe. Mkwe wa rafiki yake Lomunokol aliponunua jembe, ni Lochakapong aliyemtania mbele ya wazee, nyama ikiwa motoni, akamtania mpaka kijana akahamia Lokichoggio, kule mpakani. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siri yake ingejulikana, wazee wangemcheka mpaka siku ya kumzika, na jina la Apalopus lingebaki la kuchekesha watoto. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si viwavi.

Mbegu alizinunua Kakuma, mbali na macho ya majirani. Kila alipotaka kwenda huko alimwambia Akiru, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Lokiru, naenda Kakuma kuuza mbuzi." Basi mbuzi yule yule alikwenda Kakuma na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka akaijua barabara kuliko makanga wa mabasi. Bei huko ni mbaya, Lochakapong alieleza kila aliporudi naye. Akiru aliitikia, "Mbaya kweli," na kumpa chai.

Alilima, basi, na kwa mshangao wake mwenyewe alipenda. Alipenda harufu ya udongo uliolowa. Alipenda kuona jani jipya limechomoza mahali ambapo jana palikuwa na kinyesi cha Lopus tu. Ila alilima kama mwizi, akichungulia kila tawi lililovunjika.

Kisha akaja Jepkoech na droni yake.

Jepkoech alikuwa binti wa Uasin Gishu, kule ambako mahindi humea hata kwenye nyufa za ukuta, na mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umemtuma Lodwar kuvisaidia vikundi vya kina mama wanaomwagilia kutoka mtoni. Akiru alikuwa katika kikundi kimoja. Kila wiki Jepkoech alifungua tableti yake, akawaonyesha picha ya mashamba yao iliyopigwa na setilaiti. Kijani kilichokolea ni afya. Kilichopauka ni shida. Palipopauka aliirusha droni, ikapita chini chini ikivuma, kisha yeye na kina mama walikwenda kwa miguu mpaka pale pale na kuyafunua majani. Mara wakute viwavijeshi wamejificha kwenye moyo wa mhindi, mara wakute mfereji umezibwa na ndala ya mtu.

Lochakapong hakukosa mkutano hata mmoja. Alisema amekuja kuwalinda kina mama dhidi ya fisi, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Aliketi kando juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mzee wa Kiturkana, akawapa mgongo na kutazama mbuzi. Lakini sikio lake moja lilikuwa limesimama wima. Jepkoech akisema jivu kidogo liwekwe kwenye moyo wa mhindi ili kiwavi afe, kesho yake jivu lote la jikoni kwa Akiru lilikuwa limetoweka.

Siku moja Jepkoech aliisogeza picha kwa kidole, akasimama.

"Mama zangu, hii ni ya nani? Hapa nyuma ya mathenge, nje kabisa ya mashamba yenu. Angalieni hiyo kijani! Tangu nitoke kwetu sijaona mahindi imeshiba hivi. Huyu mkulima ni hodari. Nataka nimjue, atufundishe."

Kina mama wakasogea. Wakakisia jina la huyu na la yule. Akiru alikuwa akifunga kifuniko cha mtungi wake wa maji.

Na mzee wetu juu ya kigoda? Maskini, alivimba. Alitamani kusema "yangu" kama mtu anavyotamani kupiga chafya katikati ya sala. Katika maisha yake yote hakuna mgeni msomi aliyewahi kumwita hodari, na siku anaitwa, hawezi kuitika. Aliuma ulimi. Kisha akamsikia Jepkoech akiendelea kwamba wiki ijayo ataipeleka droni pale pale, na uvimbe wote ukamtoka.

Kesho yake mbuzi alipanda tena basi la Kakuma.

Huko Kakuma Lochakapong alikuwa na rafiki mmoja tu, Nyawech, mama wa Kinuer kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na kibanda karibu na lango la kambi ya wakimbizi, akichoma mahindi. Mahindi mabichi ya Lochakapong yaliishia kwenye jiko lake, na Nyawech alimjua kwa jina la Mzee wa Mahindi, jina ambalo huko halikumwaibisha kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonea aibu.

"Mama, ejok?" alimsalimu.

"Ejok, ya mzee. Leo iko na sura ya matanga. Nani amekufa?"

"Bado. Lakini hii kitu ya juu, hii setilaiti, inaona nini hasa?"

Nyawech alifuta mikono, akatoa simu, akaifungua ramani. Aliishusha, akaivuta, akamwonyesha kambi yenyewe, mabati kwa mabati. "Ona hapa, paa yangu. Na huku nje, hizi duara duara, unajua ni nini?"

"Ni nini?"

"Si boma zenu! Nyinyi watu wa ng'ombe, mimi nakujua kutoka juu. Mahali iko duara ya miba, hapo iko Turkana na ng'ombe yake."

Lochakapong aliitazama ile duara. Akaitazama tena. Akacheka peke yake, na Nyawech akamwongezea chai akidhani jua limempiga.

Wazo lake lilikuwa hili, na alilibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Kama macho ya juu humtambua mfugaji kwa duara, basi atayapa duara. Katikati ya shamba lake palikuwa na kipara, mahali chumvi ya ardhini ilipokataa mahindi. Alikokota matawi ya mathenge siku nzima, miiba ikamchanachana mikono, akaizungushia kipara ile miiba mpaka ikawa boma la kupendeza. Na kwa sababu boma lisilo na mnyama ni uongo mtupu, na yeye hakupenda uongo mtupu, aliwaingiza mbuzi wake ndani. Kisha akafikiri kidogo, akamleta na Lopus, ili heshima ikamilike. Sasa yeyote atakayetazama kutoka mbinguni angeona mfugaji.

Alichosahau ni kwamba boma katikati ya mahindi haliyafuti mahindi. Mtu mwingine angekificha kile kijani. Lochakapong alikuwa amejificha mwenyewe tu, kwa kujionyesha jinsi alivyotaka kuonekana.

Droni ilifika asubuhi ya siku iliyoahidiwa, ikivuma. Lochakapong alikuwa amejilaza chini ya kichaka akiisikiliza kwa raha. Lakini mbuzi hawakuwa wamesoma mpango. Waliposikia mvumo ule juu ya vichwa vyao walidhani nyuki, na mbuzi wa Turkana anajua nyuki. Waliruka miiba. Walitawanyika kwenye mahindi, na kwa kuwa walikuwa wamefika, wakala. Ni Lopus peke yake aliyebaki katikati ya duara, ametulia, pembe moja mbele na moja nyuma, akiangalia juu.

Jepkoech, upande wa pili wa msitu, aliiona picha ikiingia kwenye tableti na kushika kichwa. Mbele yake palikuwa na shamba bora kuliko yote, na ndani yake mfugaji fulani amepiga kambi na kuachia mbuzi! Angefikiri nini tena? Hata wewe ungefikiri hivyo. Alimpigia chifu simu, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa ajili ya yule mkulima hodari asiyejulikana.

Kufikia mchana baraza lilikuwa limekaa pembeni mwa shamba lenyewe. Chifu alikuwepo, wazee walikuwepo kila mmoja na kigoda chake, Lochakapong naye kati yao, na kina mama wa kikundi walisimama nyuma. Jepkoech aliipitisha tableti mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Lomunokol, aliisogeza karibu na jicho lake zuri, na uso wake ukachanua. Mturkana anaweza kushindwa kumtambua shemeji yake kwenye picha. Kumtambua maksai, hashindwi.

"Hii si Lopus?" alisema polepole, kila neno akilionja. "Apalopus, ndugu yangu, hii pembe si wewe ulikunja?"

Macho yote yakamgeukia Lochakapong. Alijitia hamnazo, lakini Lopus mwenyewe alikuwa pale pale, hatua chache nyuma yao, akicheua.

Chifu akakohoa. Sheria ya mto kila mtu aliijua, nao wazee ndio walioiweka, Lochakapong akiwa kati ya waliopiga makofi: mifugo ikikutwa imeingizwa kwenye shamba la mtu, mwenye shamba anachagua mnyama mmoja kati ya waliokutwa ndani, na huyo anakuwa wake. "Mimi sina maneno mingi," chifu alisema. "Mwenye shamba asimame, achague."

Hakuna aliyesimama. Lochakapong akaanza kupumua. Pasipo na mwenye shamba hapana faini! Angetoka pale bila kupoteza jina wala maksai. Alikuwa ameshaanza kuinuka na kigoda chake.

"Shamba ni yangu," ikasema sauti nyuma.

Alikuwa Akiru. Alipita katikati ya wazee, shanga zake zikigongana shingoni, akasimama mbele ya chifu bila kumtazama mumewe hata kidogo. "Na mimi nachagua yule wa kijivu. Kesho tunampeleka Lodwar, soko ya mifugo."

Damu ilimtoka Lochakapong usoni. Akiru? Shamba la Akiru? Kigoda kikamponyoka. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma, maana kutozwa na mke wako mwenyewe ni msiba, lakini sheria ni sheria. Vijana wawili walikuwa wameshaishika kamba ya Lopus. Na Lopus, mjinga wa watu, alikuwa anawafuata.

Hapo mzee wa watu alifikwa na maji shingoni. Akinyamaza, angebaki na jina la mfugaji na kumpoteza maksai aliyempa jina hilo. Apalopus bila Lopus ni nani? Akisema, angembakiza Lopus na kukabidhi jina lake kwa Lomunokol alichezee. Alimtazama maksai. Alimtazama Lomunokol, ambaye alikuwa anatabasamu. Moyo ulimuuma kweli kweli, si kwa mzaha.

"Acheni kamba," alisema. "Shamba ni yangu. Nimelima mimi. Hakuna mtu anajiibia mwenyewe."

Wazee walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Lomunokol alicheka mpaka akashuka kwenye kigoda. "Wewe! Ati wewe! Apalopus, hata kama mtu anapenda ng'ombe, uongo iko na mpaka. Wewe unajua jembe inashikwa upande gani?"

Hilo Lochakapong hakulitarajia. Muda wote huo alikuwa ameogopa kwamba watu watajua, na siku amewaambia mwenyewe, hakuna anayesadiki. Alikuwa ameijenga sifa yake imara mno. Kamba ya Lopus ilianza tena kuvutwa.

Basi akavua kofia yake yenye unyoya wa mbuni, akaiweka juu ya kigoda. Akaingia kichakani mpaka alipokuwa amelificha jembe, akatoka nalo, na mbele ya wazee wote, mbele ya chifu na kina mama na binti wa watu, akainama. Akaanza kupalilia. Mstari wa kwanza aliupalilia kwa hasira. Mstari wa pili mkono ulishapata mwendo wake, jembe likaanguka kidogo kidogo kando ya shina bila kuligusa, na kabla hajajizuia mdomo ukafanya ulichozoea akiwa peke yake: ukaimba. Ulikuwa wimbo wa kumsifu maksai, ule ambao mwanamume humwimbia mnyama wake tu, lakini maneno yalikuwa mengine. Alikuwa akiyasifu mahindi. Aliyasifu manyoya yao ya rangi ya shaba, aliyasifu mabega yao, aliyaita madume yasiyokimbia adui.

Kicheko kilikatika. Mtu anaweza kudanganya kwa maneno, na wengine hudanganya hata kwa machozi. Wimbo wa maksai hakuna Mturkana anayeuchezea. Jepkoech, ambaye hakuyaelewa maneno, alinong'ona, "Kumbe hodari ni mzee wa fisi," na mama mmoja akamfinya anyamaze.

Lochakapong alipofika mwisho wa mstari, aliinuka na kujifuta jasho. Aligeuka kwa Akiru, na sasa hasira ilimrudia.

"Na wewe, mama Lokiru! Kwa nini unadanganya baraza?"

"Nimedanganya wapi?" Akiru alijibu kwa upole wa kutisha. "Ukienda Kakuma na ile mbuzi yako, siku zote unakaa huko, hii mahindi ilikuwa inakunywa nini? Umande? Nani amebeba maji? Nani amefukuza ndege? Ulifikiri magugu inaogopa jina yako?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Lochakapong aliyakumbuka maji yaliyokuwamo kwenye mfereji kila aliporudi, ambayo alikuwa ameyahesabu kuwa baraka za Mungu kwa mkulima mahiri.

"Mimi sitaki ng'ombe yako," Akiru aliendelea, na sasa sauti yake ilipasuka kidogo. "Mimi nimechoka kujificha ndani ya shamba yangu kwa sababu mzee anajificha ndani yake. Tunapishana hapa kama wezi wawili. Nilitaka tu useme."

Wazee walinong'onezana mpaka chifu akachoka kungoja. Uamuzi ulikuwa kwamba Lopus arudi kwa mwenyewe, maana mbuzi wa mume kula mahindi ya mke ni maneno ya nyumbani, na baraza haliingii chumbani kwa watu. Shamba lilibaki la Akiru, kama desturi ya mto inavyotaka. Na Lochakapong? Aliruhusiwa kusaidia, kama mwenye shamba hana neno. Mwenye shamba alisema hana neno, ila kazi huanza alfajiri na hakuna kukaa juu ya kigoda.

Kwa majuma kadhaa alichekwa, sitakuficha. Alichekwa kisimani, alichekwa kwenye nyama. Akakuta kwamba kicheko, ukikivumilia, hakina meno. Jepkoech alikuja na tableti akaketi naye waziwazi, wakakitazama kile kipara cha chumvi, wakabishana jinsi ya kukitibu. Mbuzi wa Kakuma akapumzishwa.

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda juu ya mathenge, Lochakapong alikuwa peke yake kwenye mahindi aliposikia tawi likivunjika. Akatokea Lomunokol. Alikuwa amejifunga shuka hadi masikioni na alitazama huku na huku.

"Natafuta mbuzi," Lomunokol alisema. "Imepotea. Imepita hapa?"

"Mbuzi gani?"

"Ya… ya mweupe." Lomunokol aliyatazama mahindi. Kisha akauliza, kana kwamba ni mbuzi ndiye aliyetaka kujua, "Na hiyo jivu, mtu anaweka asubuhi ama jioni? Mimi niko na kamahali kadogo huko chini. Kadogo sana."

Maneno mazuri mno yalimjaa Lochakapong kinywani. Alikuwa akidai deni la kicheko kubwa kuliko mto, na mdaiwa alikuwa amejileta mwenyewe, bila shahidi. Aliyaonja maneno yale moja moja. Kisha akayameza. Alimpa Lomunokol jembe, akamwonyesha mstari, halafu akageuka akatazama upande wa mtoni, ili mwenzake ainame bila kuonwa na mtu.